Dimbwi likidumu siku ngapi, ndani yake ataishi nani?

Alama ya ukwato wa ng'ombe kando ya mto na shimo la matofali lililo hatua 50 tu kutoka hapo vina wadudu tofauti kabisa. Kinachoamua zaidi ni muda ambao maji hudumu.

Mbu aina ya Anopheles gambiae, mmoja wa waenezaji wakuu wa malaria kwetu, hupenda maji madogo ya msimu yanayopigwa jua. Jua huyapasha moto na kuotesha mwani, ambao ni chakula cha viluwiluwi, yaani watoto wa mbu waishio majini. Maji yakiwa na nyuzi joto 27 hadi 30, yai hufika kuwa mbu mzima ndani ya wiki moja hadi mbili. Mtoto wa kereng'ende, anayewinda viluwiluwi hao, huhitaji wiki nyingi, hata miezi. Dimbwi likikauka siku ya 15, mbu ameshaondoka, naye adui yake amefia kwenye tope.

Shimo likihifadhi maji kwa miezi, majani huota, mbawakawa wa maji na kunguni waogeleao chali huingia kwa kuruka, na viluwiluwi hupungua. Lisiachwe bila kukaguliwa, hata hivyo: Anopheles funestus, mwenezaji mwingine wa malaria, hupenda hasa maji ya kudumu yenye majani. Kwenye maji ya makaro yasiyo na oksijeni hubaki kiluwiluwi wa mbu aina ya Culex, anayevuta hewa juu kwa mrija wake wa mkiani.

Kukagua, tumia kata nyeupe ya mililita 350. Sogea taratibu, kivuli chako kisiangukie maji, maana viluwiluwi huzama mara moja. Inamisha kata, chota pembeni penye majani, kisha subiri dakika mbili. Anayelala sambamba na uso wa maji ni Anopheles. Anayening'inia kichwa chini ni Culex au Aedes, aina nyingine ya mbu.

Tafadhali usimwage oili chafu. Huua wawindaji pia, na mvua ijayo mbu hurudi kabla yao. Vidimbwi vifukie. Pasipofukika, weka kiuadudu cha bakteria Bti kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kifungashio, kereng'ende hakimdhuru. Hufanya kazi kikiliwa, hivyo pupa (hatua ya mwisho kabla ya mbu mzima), wasiokula, hawafi. Ukiona pupa wengi umechelewa: mbu watatoka ndani ya siku mbili au tatu.