Tuzo ya Tume mbele ya Mahakama Kuu: yanayosemwa na yaliyomo katika sheria

Mfanyakazi wa kiwanda cha minofu jijini Mwanza akishindwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo kinachoamua migogoro ya kazi, wenzake humwambia, "Kakate rufaa Mahakama Kuu, utaeleza upya." Ushauri huo una makosa mawili. Tuzo, yaani uamuzi unaotolewa na mwamuzi wa Tume, haikatiwi rufaa; kifungu cha 91 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinafungua njia ya maombi ya marejeo, yaani kuiomba Mahakama Kuu iipitie tuzo na kuifuta, ambayo kwa kawaida hupelekwa ndani ya wiki sita tangu mwombaji alipopewa tuzo. Wala hakuna kueleza upya, kwa sababu jaji husoma mwenendo (kumbukumbu za usikilizwaji) uliotoka Tume na kupima iwapo mwamuzi alikiuka wajibu wake, iwapo tuzo ilipatikana isivyo halali, au iwapo ni kinyume cha sheria au haina mantiki. Shahidi uliyemwacha nyumbani Igoma siku ya usikilizwaji hawezi kuitwa sasa kuziba pengo.

Dhana ya pili ni kwamba utaratibu ni mambo ya mawakili tu, na kwamba mwenye haki atashinda hata kama taratibu zimelegea. Hapa ndipo wengi huumia. Kanuni za Tume za mwaka 2007 zinataka shahidi atoe ushahidi kwa kiapo, sharti ambalo mtu anaweza kuliona dogo akiwa ndani ya chumba cha mwamuzi, pande zikiwa zimekaa meza moja na kuzungumza kwa utulivu. Hata hivyo, katika Rufaa ya Madai Na. 257 ya mwaka 2020, iliyokihusu chuo kikuu cha afya kilichopo Bugando, Mahakama ya Rufani ilibaini kwamba mashahidi walisikilizwa mbele ya Tume bila kuapa, ikabatilisha mwenendo. Maneno yasiyo na kiapo hayakuwa ushahidi, na tuzo iliyoyategemea haikuwa na pa kusimama. Kwa maoni yangu, anayehudhuria Tume bila wakili angefanya vyema kusikiliza kama kila shahidi ameapishwa, akiwemo wa upande wa pili.

Haki ya kusikilizwa, iliyomo katika ibara ya 13(6)(a) ya Katiba, ina uzito huohuo: Mahakama ya Rufani imeshasema kwamba uamuzi uliotolewa bila kumsikiliza mhusika ni batili hata kama angesikilizwa na matokeo yakawa yaleyale. Lakini haki hiyo ni ya kupewa nafasi. Mwajiri aliyepokea wito, akaupuuza na kuendelea na shughuli zake hawezi kudai kirahisi kwamba alinyimwa masikio. Akiwa na sababu ya msingi ya kutofika, kwa kawaida huanza kwa kuiomba Tume yenyewe iondoe tuzo ya upande mmoja, ile iliyotolewa bila yeye kuwepo.

Wapo pia wanaoamini kwamba kosa lolote linatosha, hata tarehe iliyoandikwa vibaya. Halitoshi. Kasoro inayofuta tuzo ni ile inayogusa mzizi wa shauri.

Dhana inayogharimu zaidi ni ile ya kwamba tuzo ikifutwa, mwombaji ameshinda. Kifungu hicho cha 91 kinairuhusu Mahakama kuamua mgogoro yenyewe au kuelekeza utaratibu wa kuuamua, na pale ushahidi ulipochukuliwa vibaya, shauri mara nyingi hurudishwa Tume kusikilizwa upya mbele ya mwamuzi mwingine. Mlinzi aliyeshuhudia ugomvi getini huenda ameshahamia Ukerewe, na daftari la zamu halionekani tena. Wakati huohuo, kufungua maombi pekee hakusimamishi utekelezaji wa tuzo: Mahakama inaweza kuusimamisha, lakini ni lazima iombwe, na mwajiri asiyeomba anaweza kukuta mali yake inakamatwa huku maombi yake ya marejeo yakiwa bado yanasubiri tarehe.