Kuchangia watoto kandokando ya Ziwa Victoria: yasemwayo na yalivyo

Kila Machi 8, Siku ya Wanawake, hapa Mwanza utawaona kina mama wa maofisini na wa vikundi vya mitaa wamependeza kwa vitenge vya sare, gari limejaa mchele, sabuni, mafuta ya kula na madaftari, safari ni makao ya watoto. Hotuba zipo, picha zipo. Nia ni njema, na mchele hauna kosa. Ninachogombana nacho ni mambo tuliyozoea kuyaamini kuhusu kusaidia watoto mpaka hatuyahoji tena.

"Mtoto mwenye shida mahali pake ni makao"

Hii imeota mizizi kuliko zote. Duniani kote, wengi wa watoto wanaolelewa kwenye makao wana mzazi angalau mmoja aliye hai, na wengine wana bibi, shangazi au mjomba. Mara nyingi kilichowatoa nyumbani ni umaskini: sare haipo, chakula hakitoshi, mama anaumwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi au walezi wake, na makao yenyewe lazima yawe na leseni.

Tena suala hili limepimwa. Mjini Bucharest, Romania, kuanzia mwaka 2000 watafiti waliwafuatilia watoto wadogo 136 waliokuwa wakilelewa kwenye taasisi. Ikapigwa kura ya bahati nasibu: nusu wakaenda kuishi na familia za malezi, nusu wakabaki kwenye utaratibu wa kawaida. Waliopata familia walikua vizuri zaidi, akili na hisia, hasa waliotoka kabla ya kutimiza miaka miwili. Mtoto mdogo anahitaji mtu anayemjua, anayelala na kuamka naye. Mlezi wa zamu, hata awe na upendo namna gani, saa yake ikifika anaondoka.

Sasa tazama mchango unakoelekea. Bibi wa Igoma anayelea wajukuu wanne hafikiwi na gari la Machi 8, maana nyumba yake haina bango barabarani. Mafuta na madaftari yale yale yakipita kwa mwenyekiti wa mtaa au afisa ustawi wa jamii wa kata yangewafanya wajukuu wabaki kwake. Na mtoto asiye na ndugu kabisa, ustawi wa jamii humtafutia familia ya kuaminika. Ni wachache mno wanaojua kwamba wanaweza kuomba kuwa familia hiyo.

"Sisi ni maskini, hatuna cha kutoa"

Aliyesema hivyo nampeleka kwenye kikundi cha hisa, yaani cha kuweka na kukopa, siku ya kukutana. Mfumo huu ulianzia Maradi, Niger, mwaka 1991, lakini huku kwetu umeshakuwa wa nyumbani. Sanduku la chuma lina makufuli matatu, funguo ziko kwa watu watatu, na sanduku lenyewe linakaa kwa wa nne. Hisa zinasubiri kwanza. Inaanza bakuli ya mfuko wa jamii. Inapita mkononi kwa kila mtu, sarafu zinadondoka, mhesabu anataja jumla kwa sauti ili kila mmoja aondoke nayo kichwani. Ndipo mihuri ya hisa inaanza kugongwa kwenye vitabu vya wanachama. Mtoto wa mwanachama akilazwa, fedha ya mfuko inatoka bila barua ya maombi wala muhuri wa ofisi yoyote. Na wanaochanga ni wauza nyanya, mafundi cherehani, waponda kokoto.

Kwenye mialo, pale ufukweni mitumbwi inapotua, tatizo kubwa huwa kalenda. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukipevuka, mitumbwi inapumzika siku kadhaa, na waanikaji na wachuuzi nao mfuko unakauka. Kamati ya shule inayodai fedha ya uji kila tarehe 30, kana kwamba kijiji kizima kinalipwa mshahara, itarudi mikono mitupu na kusema wazazi wa kwetu ni wakaidi. Iombe wakati wa giza la mwezi, na ikubali debe la dagaa wakavu badala ya noti, uone. Dagaa hao wakiingia kwenye makande, watoto wamepata protini na kalsiamu ambayo uji mtupu hauna.

"Elimu ni bure, michango imefutwa"

Ni nusu ya kweli, ndiyo maana inashika. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango ya lazima kwenye shule za umma mpaka kidato cha nne, utekelezaji ukaanza Januari 2016. Mwaka 2022 kidato cha tano na cha sita nao wakasamehewa ada. Sare, madaftari na chakula cha mtoto wa kutwa vilibaki kwa mzazi. Wazazi wakikubaliana kuchanga kwa hiari, ruksa. Kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu mzazi wake hajachanga, hapana.

"Kujitolea hakuna gharama"

Wanaosema hivi aghalabu huwa hawajitolei. Mwaka 1968 hadi 1972 Mwanza ilikuwa makao ya mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa kwa mikoa ya Kanda ya Ziwa, uliosaidiwa na UNESCO. Wanakijiji waliofundisha watu wazima kusoma walijitolea, lakini walipewa posho ndogo. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii walipita nyumba kwa nyumba miaka mingi kwa moyo tu. Mpango wa kitaifa uliozinduliwa Januari 2024 umelenga wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano, nao wanapewa mafunzo na posho. Serikali yenyewe imekubali kwamba moyo haulipi nauli ya mtumbwi.

Nenda mwaloni asubuhi. Mama anaanika dagaa juu ya mchanga, mgongoni ana kichanga, na wa miaka mitatu anachezea kopo pale maji yanapoishia. Kunguru wanashuka, mama anageuka kuwafukuza. Mtoto anayezama hapigi kelele, na dakika chache zinatosha. Shirika la Afya Duniani linapendekeza vituo vya kuangalia watoto wadogo mbali na maji kama njia mojawapo ya kuzuia vifo hivi; ushahidi mwingi umetoka vijiji vya Bangladesh, ambako akina mama wa kijiji hukaa na watoto wa mwaka mmoja hadi mitano wakati wazazi wako kazini.

Kwenye mwalo wetu kituo cha namna hiyo ni uzio, mkeka, sufuria ya uji na kina mama wawili makini. Lakini hao wawili asubuhi hiyo hawaaniki chochote. Wenzao wasipowatengea fungu la dagaa kila siku ya kazi, mwezi wa pili kituo kitakuwa kimefungwa, na tutasikia kwamba watu wa mwaloni hawana moyo.

"Kudai hesabu ni kumvunja moyo anayejitolea"

Kinachowavunja watu moyo ni boma la darasa lililoishia usawa wa lenta huku kila mtu akikumbuka alitoa shilingi ngapi. Kamati ibandike kwenye ubao wa matangazo wa mtaa: mawe tripu ngapi, saruji mifuko mingapi, kiasi gani kimebaki na kiko kwa nani. Iandikwe kwa herufi kubwa, bila lugha ya kiofisi. Na waliobeba maji na kuponda kokoto waorodheshwe pamoja na waliotuma fedha kwa simu, kazi yao ikiwa imetiwa thamani ya shilingi.