Kalenda ya ofisi inapomkataa mtu mmoja tu

Kila Oktoba, minada ya korosho ikianza, simu za kunilalamikia kalenda huongezeka hapa Mtwara. Ofisi za mizigo, maghala na wanunuzi wanaokimbizana kati ya Newala na Masasi huweka ratiba zao kwenye kalenda moja ya Outlook, programu ya Microsoft ya barua pepe na kalenda: lori gani linapakia lini, nani yuko bandarini, nani kaenda Tandahimba. Halafu mtu mmoja anaona miraba iliyoandikwa "Ana shughuli" tu, ilhali wenzake wanasoma kila kitu. "Fundi, naomba uniongezee ruhusa, kalenda imenikataa."

Usiongeze chochote kwanza. Mwambie afungue barua pepe yake kwenye kivinjari. Huko anasoma seva moja kwa moja, ila Outlook ya kwenye kompyuta mara nyingi husoma nakala iliyohifadhiwa ndani ya mashine. Kivinjarini ikikaa sawa, ruhusa hazina kosa: iondoe kalenda hiyo kwenye orodha yake ya Outlook, iongeze upya, usubiri ishuke. Na kwa intaneti ya huku kwetu, utasubiri kweli.

Ikigoma hata kivinjarini, sasa ingia kwenye ruhusa. Exchange, yaani seva ya Microsoft inayotunza barua pepe na kalenda hizo, ina mpangilio wake ambao watu wengi wa IT hawaujui, maana wanadhani ruhusa zote za mtu hujumlishwa. Seva hutafuta kwanza jina la mtu mwenyewe kwenye orodha ya ruhusa za kalenda ile. Ikilikuta, humpa kilichoandikwa mbele ya jina hilo, basi, hata kama kundi lake limepewa makubwa zaidi. Isipolikuta, ndipo hutazama makundi aliyomo, na ruhusa za makundi hayo ndizo zinazojumlishwa. Akikosekana kote, anaangukia mstari wa jumla wa watumishi wote, ambao kwa kawaida huonyesha una nafasi au huna, bila maelezo.

Chukua mfano wa dada wa mapokezi aliyepewa zamani kuona nafasi tu. Ofisi ikaunda kundi la timu, kundi likapewa kuhariri, naye akaingizwa humo. Bado haoni maelezo yoyote, na bosi anaanza kulaumu mtandao. Mstari wake wa zamani ndio uliomshika! Ufute, kundi litambeba. Ukimwandikia tena ruhusa yake binafsi ataona, sawa, lakini siku akihamia idara nyingine na kutolewa kundini, ruhusa ile itabaki naye na hakuna atakayekumbuka.

Kuangalia orodha nzima, mimi hutumia PowerShell, dirisha la Microsoft la kuandikia amri: amri ya Get-MailboxFolderPermission ikifuatwa na anwani ya kisanduku cha barua pepe na :\Calendar. Amri ikidai folda haipo, angalia lugha ya kisanduku, kwa sababu jina la folda linaweza kuwa limebadilika kufuata lugha. Kumbuka pia kwamba amri ya kuongeza ruhusa, Add-MailboxFolderPermission, hukataa kama jina limo tayari. Hapo tumia ya kubadilisha, Set-MailboxFolderPermission. Mistari yenye namba ndefu zinazoanzia S-1-5 ni mabaki ya akaunti zilizofutwa, nayo isafishe.

Kundi lenyewe liwe kundi la usalama lenye anwani ya barua pepe. Lile la kusambazia barua peke yake halibebi ruhusa za kalenda.

Kuna lalamiko moja linalofanana na haya lakini si kosa: katibu ana ruhusa ya kuhariri, anaona kila kitu isipokuwa miadi michache ya mkurugenzi. Miadi hiyo imewekewa alama ya faragha, na ruhusa ya kuhariri haiifungui. Mkurugenzi mwenyewe amteue katibu kuwa mwakilishi wake ndani ya Outlook, kisha aweke tiki kwenye kisanduku kinachoruhusu mwakilishi kuona mambo ya faragha. Kazi hiyo mwachie yeye, hata akikuomba umfanyie.