Kuhama na kuhamia: aina za uhamiaji wa kimataifa na kinachowaondoa watu makwao

Abiria anayeingia nchi ya watu mara nyingi hukabidhiwa fomu, ya karatasi au ya kwenye simu, yenye swali moja fupi: sababu ya safari. Chini yake kuna viboksi. Matembezi, biashara, masomo, kazi, kutembelea jamaa. Weka alama kwenye kimoja. Sasa mfikirie muuguzi anayekwenda kusomea shahada ya pili. Ni kweli anakwenda kusoma. Ni kweli pia kwamba mshahara wa kwao haumfikishi mwisho wa mwezi, kwamba dada yake anaishi katika mji huohuo na ana chumba cha ziada, na kwamba kati ya visa zote alizoulizia, ya masomo ndiyo pekee iliyokuwa ndani ya uwezo wake. Ataweka alama kwenye "masomo", na kuanzia siku hiyo takwimu zitamjua kuwa mwanafunzi.

Sisi tunaoshinda na takwimu hizi huulizwa maswali mawili kana kwamba ni moja: wahamiaji ni wa aina gani, na kwa nini wanahama? La kwanza ni swali la sheria na karatasi. La pili ni swali la maisha. Watu wawili wenye sababu ileile wanaweza kuishia kuwa wahamiaji wa aina tofauti kabisa, kutegemea mlango gani walioukuta wazi.

Lugha yetu inalijua jambo hili kuliko nyingi. Kuhama ni kuacha mahali, kuhamia ni kufika mahali, na herufi moja tu inatosha kumgeuza msikilizaji atazame upande wa pili. Mhamaji naye, yule anayefuata maji na malisho, ni mtu mwingine, ingawa magazeti humchanganya na mhamiaji kila wiki.

Kwa ajili ya kuhesabu, Umoja wa Mataifa humwita mhamiaji wa kimataifa mtu yeyote aliyebadili nchi anayoishi kwa kawaida, bila kujali sababu wala hati alizonazo. Akikaa miezi 12 au zaidi ni mhamiaji wa muda mrefu. Kati ya miezi mitatu na 12, wa muda mfupi. Mtalii wa wiki mbili hayumo. Kwa hesabu hiyo, katikati ya mwaka 2024 kulikuwa na wahamiaji milioni 304 duniani. Mwaka 1990 walikuwa milioni 154. Ukiishia hapo utaamini dunia nzima imefunga mizigo. Lakini watu wote duniani nao wameongezeka: wahamiaji walikuwa asilimia 2.9 wakati ule, mwaka 2024 walikuwa asilimia 3.7. Kati ya kila watu 100, 96 na ushee hawajahamia nchi nyingine.

Wengi wa hao waliohama hawakupanda boti usiku. Walipitia njia zisizopigwa picha. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 wahamiaji milioni 167.7 walikuwa katika nguvukazi ya nchi walizohamia: mashambani, viwandani, hospitalini, majumbani mwa watu. Wengine wanafuata mwenza au mzazi, na katika nchi tajiri familia ndiyo njia kubwa kuliko zote ya kupata ukaazi wa kudumu, jambo linalowashangaza watu kila ninapolitaja kwenye semina. Wapo wanafunzi, wapo wastaafu wanaotafuta jua na maisha ya bei nafuu, wapo vibarua wa msimu wanaokwenda kuvuna na kurudi.

Wapo pia waliolazimika, na hapa maneno yana uzito wa kisheria. Mkimbizi, kwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1951 kuhusu wakimbizi, ni mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu ya kweli ya kuteswa kwa sababu ya kabila au rangi yake, dini, utaifa, kundi la kijamii alimo au msimamo wake wa kisiasa. Mkataba huo ulitungwa ukiwafikiria waliokimbia kwa sababu ya matukio ya kabla ya mwaka 1951, na nchi zilizotaka ziliruhusiwa kuutumia kwa matukio ya Ulaya tu. Itifaki ya mwaka 1967, yaani nyongeza ya mkataba huo, ndiyo iliyoondoa mpaka huo wa wakati. Umoja wa Nchi Huru za Afrika, katika mkataba wake wa mwaka 1969, uliupanua zaidi: aliyekimbia uvamizi, ukoloni au machafuko makubwa naye ni mkimbizi, hata kama hakuna aliyemlenga yeye binafsi. Anayesubiri ombi lake liamuliwe huitwa mwomba hifadhi. Na yule aliyekimbia nyumba yake bila kuvuka mpaka si mhamiaji wa kimataifa hata kidogo, japo huenda kapoteza kila kitu. Hao wa mwisho ndio wengi. Mwishoni mwa 2024 watu milioni 123.2 walikuwa wameondolewa makwao kwa nguvu, na milioni 73.5 kati yao walikuwa bado ndani ya nchi zao. Waliovuka, wengi waliishia nchi jirani, si mabara ya mbali.

Tazama sasa jinsi mlango unavyoamua aina. Mwaka 2001 Umoja wa Ulaya ulitunga sheria ya kuwapa hifadhi ya muda watu wanaomiminika kwa wingi, bila kumhoji kila mmoja. Mwaka 2015, Wasiria walipofika kwa mamia ya maelfu, sheria hiyo ilibaki kabatini. Kila mtu aliomba hifadhi peke yake na kusubiri. Machi 2022 ikatumika kwa mara ya kwanza, kwa waliokimbia Ukraine, nao wakapata haki ya kuishi na kufanya kazi bila foleni ile ndefu. Pande zote mbili watu walikimbia mabomu.

Kuhusu neno "mhamiaji haramu", tangu mwaka 1975 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa limeelekeza litumike neno linaloeleza hali ya nyaraka za mtu. Binafsi nasema "asiye na kibali", kwa sababu ndivyo ilivyo, tena mara nyingi kibali alikuwa nacho kikaisha. Wengi katika kundi hili waliingia kwa visa halali, wakapitiliza siku. Vilevile tusichanganye magendo ya wahamiaji na usafirishaji haramu wa binadamu. Katika magendo mtu amekubali na kulipa ili avushwe mpaka. Katika usafirishaji haramu ametekwa, ametishwa au amedanganywa ili anyonywe, na huenda asivuke mpaka wowote. Safari inaweza kuanza kama jambo la kwanza na kuishia kuwa la pili, pale anayevusha anapodai fedha zaidi na kumfungia mtu ndani.

Tukija kwenye sababu, shuleni hufundishwa visukumo na vivutio: huku umaskini na vita, kule ajira na amani. Wazo hilo hutajwa pamoja na jina la Everett Lee, mtaalamu wa Marekani wa masuala ya idadi ya watu, aliyeandika mwaka 1966. Kinachosahaulika ni kwamba Lee alitaja mambo manne. Yaliyobaki ni vikwazo vya katikati, yaani umbali, gharama na sheria, na hali ya mtu mwenyewe. Na kusema kweli, hayo mawili ndiyo yanayoeleza kwa nini kijiji kimoja chenye shida zilezile kinatoa wasafiri kumi na cha jirani hakitoi hata mmoja.

Kaa na familia inayopanga safari uone. Hesabu inapigwa juu ya daftari: pasipoti, vipimo vya afya, ada ya wakala, nauli, fedha ya kuanzia. Anachaguliwa mmoja, mara nyingi si mwenye shida kuliko wote bali mwenye afya, cheti na moyo. Kipande cha shamba kinauzwa au mkopo unachukuliwa. Aliye maskini kabisa hana shamba la kuuza wala wa kumkopesha, kwa hiyo haendi mbali. Ndiyo maana katika nchi maskini, kipato kinapoanza kupanda wanaoondoka huongezeka kwanza, na hupungua baadaye sana. Wanasiasa wanaoahidi kuzuia uhamiaji kwa misaada ya maendeleo hawapendi kulisikia hili.

Baada ya wa kwanza kufika, wa pili anapata pa kulala na namba ya mtu wa kumpigia. Jamaa ni sababu ya uhamiaji sawa na mshahara. Na fedha zinazorudi si ndogo: mwaka 2023 nchi za kipato cha chini na cha kati zilipokea takriban dola bilioni 656 kwa takwimu rasmi. Kutuma dola 200 bado hugharimu wastani wa zaidi ya asilimia 6, yaani dola 12 na kitu zinazobaki njiani, wakati lengo la dunia ni chini ya asilimia 3 ifikapo 2030.

Sababu isiyosemwa vya kutosha ni mwajiri. Watu hawahamii tu kwa sababu kwao kubaya. Mara nyingi wameitwa. Oktoba 1961 Ujerumani Magharibi ilitia saini makubaliano na Uturuki ili ipate wafanyakazi wa viwandani, wakiwa "wageni" wa muda ambao wangepokezana na wengine. Waajiri hawakutaka kumfundisha mtu kazi kisha kumpoteza, hivyo kupokezana kukalegea. Novemba 1973 serikali ikasimamisha uajiri huo. Aliyekuwa akienda na kurudi akajua kwamba akiondoka safari hii hataingia tena, akabaki, akamleta mke na watoto. Hatua iliyokusudiwa kupunguza wahamiaji iliwageuza wa muda kuwa wa kudumu.

Katika nchi za Ghuba, chini ya mfumo wa kafala, kibali cha mtu kimefungwa kwa mwajiri mmoja. Akikimbia kipigo au mshahara usiolipwa, anaweza kuamka asubuhi ni mtu asiye na kibali, bila kuvuka mpaka wowote. Baadhi ya nchi hizo zimeulegeza mfumo huo, lakini wafanyakazi wa ndani ndio huachwa nyuma mara nyingi.

Tabianchi ndiyo sababu ngumu kuliko zote kuihesabu. Ukame hauandikwi kwenye fomu. Mkulima aliyepoteza mavuno ya misimu mitatu kwanza huhamia mjini, akakosa kazi, ndipo akavuka mpaka, na huko atasajiliwa kuwa mtafuta kazi. Mkataba wa 1951 haukumtaja. Mfano ulio wazi zaidi uko Bahari ya Pasifiki, ambako visiwa vya Tuvalu vimeinuka mita chache tu juu ya maji. Mwaka 2023 Tuvalu na Australia zilitia saini mkataba unaowawezesha hadi watu 280 kwa mwaka kuhamia Australia kwa bahati nasibu, na mwaka 2025 dirisha la kwanza lilipofunguliwa, walioomba walizidi nafasi mara nyingi. Anayebahatika haandikwi mkimbizi. Anaandikwa mkaazi wa kudumu, mwenye haki ya kufanya kazi, kusoma, na kurudi kwao kila anapotaka maadamu kuna ardhi ya kurudia.