Trample si kila kukanyaga

Abiria wa daladala ya Mbagala anayemwambia mwenzake "you trampled my foot" amemsingizia kosa kubwa kuliko alilotenda. Kukanyagwa mara moja, kwa bahati mbaya, ni "step on": "you stepped on my foot", basi. Nakutana na kosa hili mara nyingi ninapohariri tafsiri, na chanzo chake ni kamusi ndogo zinazoweka kanyaga mbele ya trample kisha zikanyamaza.

Trample inadai nyayo nyingi au uzito mkubwa, na kilichokanyagwa kiumie au kiharibike. Imetokana na tramp, yaani kutembea kwa kishindo, ikaongezwa -le, kiambishi cha kale cha tendo linalojirudia. Ndicho kilichomo pia kwenye sparkle na crackle. Sisi kazi hiyo tunaifanya kwa kurudufu: kanyagakanyaga. Kwa hiyo "elephants trampled the maize" ni "tembo waliyakanyagakanyaga mahindi". Ukiandika "waliyakanyaga" tu, msomaji ataona nyayo lakini hataiona hasara.

Kwenye habari za misiba, "trampled to death" ni "walikufa kwa kukanyagwa", na stampede ni mkanyagano, neno tulilolisoma sana baada ya watu 45 kufariki Uwanja wa Uhuru, Machi 2021. Angalia kiambishi -an-: kinadokeza kwamba kila mtu alimkanyaga mwenzake. Kiingereza hakisemi hivyo. Kinamtaja aliyekanyagwa na kuishia hapo. Kama chanzo hakisemi nani alimkanyaga nani, mimi hubaki na kukanyagwa.

Kanyaga yetu nayo ina njia zake ambazo trample haipiti. "Sijawahi kukanyaga Kigamboni" ni "I have never set foot in Kigamboni". "Kanyaga mafuta" inakaribiana, kwa bahati nzuri, na "step on it". Bango la "usikanyage nyasi" ni "keep off the grass".

Sasa upande wa mafumbo, ambako tafsiri nyingi hupwaya. Kwa maua unaweza kusema "trampled the flowers" au "trampled on the flowers", yote sawa. Kwa haki, hisia au katiba, weka on: "they trampled on our rights". Kwa Kiswahili neno lenye uzito huo ni sigina. Ukilitamka unakisikia kisigino ndani yake: mtu amekanyaga, akasugua, wala hajali. Ndiyo maana wanasiasa wetu husema Katiba imesiginwa wanapotaka kuonyesha dharau. Kukiuka ni baridi zaidi, ni lugha ya wanasheria, na kwake violate inatosha. Mwandishi akisema trample ukaweka kiuka, umempoza. Akisema violate ukaweka sigina, umemtia hasira ambayo hakuwa nayo. La pili ni baya zaidi, hasa kwenye ripoti ya taasisi.

Watu wenyewe, tofauti na haki zao, ni afadhali wakandamizwe kuliko wasiginwe. "The downtrodden" ni wanyonge, wanaokandamizwa.

Neno downtrodden limetoka kwa tread, ambayo wakati uliopita ni trod, na hali timilifu ni trodden. Hii huweza kuwa hatua ya polepole kabisa: "tread carefully" ni kwenda kwa tahadhari, karibu kinyume cha trample. "Tread on someone's toes" kwa maana ya fumbo ni kuingilia mambo ya mtu hadi akakereka. Ukiandika "alimkanyaga vidole" umeturudisha kwenye daladala. Stamp ni kupiga mguu chini kwa nguvu, lakini "stamp out malaria" ni kutokomeza malaria, na hapo mguu hautajwi kabisa.