Je, wajua kwa nini ndama aliyekwama nyonga huzungushwa kwanza, ndipo avutwe?

Kichwa kimetoka, mabega yametoka, mbavu nazo zimetoka, halafu ndama anakwama. Kamba inavutwa kwa nguvu zaidi na hakuna kinachosogea. Sababu iko kwenye mifupa: njia ya uzazi ya ng'ombe ni ndefu kwenda juu kuliko ilivyo pana, ilhali nyonga za ndama ni pana kwa upande. Akija mgongo juu, upana wake unakutana na wembamba wa mama. Akizungushwa robo duara, upana ule unaingia kwenye urefu wa njia na anapita.

Kwa hiyo, acheni kuvuta. Futa kamasi puani ndama apumue, mimina kilainishi kwa wingi kumzunguka, msukume ndani kidogo, kisha pishanisha miguu yake ya mbele na uitumie kuuzungusha mwili mpaka alale kiubavu. Hapo vuta kuelekea chini, usawa wa miguu ya nyuma ya mama, naye mama anaposukuma tu. Mzalishaji mzoefu hangoji akwame: humzungusha mara tu mbavu zinapotoka.

Kuvuta bila kuzungusha huumiza wote wawili. Neva za paja la ndama hunyooshwa kupita kiasi, akashindwa kusimama anyonye; neva zinazopita ndani ya nyonga ya mama hubanwa, akabaki amelala na miguu ya nyuma imelegea. Watu wawili wanatosha kwenye kamba. Trekta au gari, kamwe. Nguvu ya wawili ikishindwa, huyo ni wa daktari wa mifugo, pengine wa upasuaji.

Kamba yenyewe hufungwa mara mbili kwenye kila mguu: kitanzi juu ya kifundo, kingine chini yake. Kitanzi kimoja peke yake kinaweza kuvunja mfupa. Vuta mguu mmoja, kisha mwingine, ili mabega yapite kwa zamu.

Uingize mkono lini? Chupa ya maji ya uzazi ikishapasuka, nusu saa bila maendeleo kwa ng'ombe aliyewahi kuzaa, saa moja kwa mtamba, yaani jike ambaye hajawahi kuzaa. Vaa glavu ndefu, maana ugonjwa wa brusela humpata binadamu kupitia majimaji ya uzazi. Hakikisha ni miguu ya mbele: kifundo na goti hukunjika upande mmoja, kwenye mguu wa nyuma hukunjika kinyume.

Kwenye ranchi za ng'ombe aina ya Boran, kama za Laikipia, taabu hii ni chache kwa kuwa ndama wao huzaliwa wadogo. Huongezeka pale mtamba asiyekomaa anapopandishwa na dume la aina kubwa kama Simmental au Charolais, na ndiyo maana uchaguzi wa dume kwa mtamba ni jambo la kuangaliwa sana.

Ndama akitoka, usimning'inize kichwa chini: yanayomwagika mengi ni ya tumboni, na matumbo humkandamiza kiwambo, msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, asipumue. Mkalishe kwa kifua, mchokoe pua kwa unyasi, paka kitovu iodini. Ndama wa kilo 25 apate lita 2.5 za dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, ndani ya saa 6. Kama mama hawezi kusimama, mkamueni alipolala, mumnyweshe ndama kwa chupa. Kondo la nyuma lisipotoka baada ya saa 24, msilivute kwa mkono, mwiteni daktari.