Tunapofunga Kwaresima, tunamfungia nani?

Jumatano ya Majivu, siku inayofungua Kwaresima, yaani kipindi cha mfungo kabla ya Pasaka, inapokaribia, waamini huniuliza maswali yaleyale: je, chai ya asubuhi inaharibu mfungo? Je, supu ya mifupa nayo ni nyama? Mimi ni mwalimu wa liturujia na wa wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, na sidharau maswali hayo, kwa kuwa Kanisa Katoliki lenyewe limeweka sheria. Aliyetimiza miaka 14 hujinyima nyama katika siku zilizopangwa, na kuanzia miaka 18 hadi anapoanza mwaka wake wa 60, mwamini hufunga Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, akila mlo mmoja kamili na kuonja kidogo mara mbili. Hata hivyo, hicho ni kiwango cha chini tu, na mtu anaweza kukitimiza chote asijue anamfungia nani.

Yesu mwenyewe aliulizwa na wanafunzi wa Yohane Mbatizaji kwa nini wanafunzi wake hawafungi. Alijibu kwamba walioalikwa arusini hawawezi kuomboleza maadamu bwana arusi yupo pamoja nao, ila siku zitakuja atakapoondolewa kwao, na hapo ndipo watakapofunga (Mt 9:15). Kwangu mimi, kiini cha mfungo wa Mkristo kiko hapa. Tunafunga kwa sababu tunamtamani Kristo, na tunauruhusu mwili nao ushiriki shauku hiyo ambayo mara nyingi huishia mdomoni. Saa nane mchana, tumbo linapodai na harufu ya vitumbua inapoingia dirishani, mwenye kufunga ana nafasi ya kusema, “Njoo, Bwana Yesu,” naye akasema kweli. Ndiyo maana Jumapili, siku ya Ufufuko tunapofurahi kwamba bwana arusi yupo nasi, hazihesabiwi katika siku 40 za mfungo wa Kwaresima.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, alitaja makusudi matatu ya kufunga: kuzitiisha tamaa za mwili, kuinua akili ipate kutafakari mambo ya mbinguni, na kulipia dhambi. Hilo la tatu ndilo linaloeleweka vibaya zaidi, kwani wapo wanaofunga kana kwamba wanamlipa Mungu ili awape kazi, ndoa au mtoto. Kumwomba Mungu mambo hayo ni halali kabisa, lakini njaa yetu haimshurutishi. Kufunga kwa toba ni kukiri, kwa mwili pia, kwamba dhambi zetu ziliwaumiza wengine na kwamba tunataka kugeuka. Nabii Yoeli alisema turarue mioyo yetu, wala si mavazi yetu (Yoe 2:13).

Nakubali kwamba shauku na toba ni mambo ya moyoni, na moyo hudanganya. Kwa hiyo mapokeo yamekataa katakata kuutenga mfungo na sadaka. Isaya, katika sura ya 58, anawakemea watu wanaofunga huku wakiwaonea wafanyakazi wao, na katika karne ya 5 Papa Leo Mkuu alihimiza kwamba kile mfungaji anachojinyima kiwe chakula cha maskini. Nimeona Ijumaa ya Kwaresima ambapo nyama imeachwa, na mezani pamewekwa samaki wa kupaka mwenye gharama kubwa kuliko nyama ya wiki nzima. Sheria imetimizwa, ila hakuna aliyejinyima kitu wala aliyepewa. Afadhali anayekula ugali na mchicha, akaiweka siku hiyohiyo tofauti ya bei ndani ya bahasha ya sadaka ya Kwaresima, kabla fedha hiyo haijapata matumizi mengine.

Ipo sababu nyingine ambayo parokia nyingi zimeisahau. Katika karne ya 2, Mtakatifu Yustino aliandika kwamba wanaojiandaa kwa ubatizo walifunga na kuomba, na jumuiya ikafunga pamoja nao. Kwaresima bado ni safari ya wakatekumeni kuelekea ubatizo wao katika Mkesha wa Pasaka, usiku wa Jumamosi Kuu, nao hawapaswi kusafiri peke yao. Ninawashauri viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, yaani vikundi vya familia jirani za parokia, wamwombe katekista majina ya watakaobatizwa, wayagawe kwa familia, na kila familia imfungie mkatekumeni wake Ijumaa zote. Wagonjwa, wajawazito na wanaonyonyesha, ambao hawapaswi kuhatarisha afya kwa njaa, wanaweza kupokea jina pia na kumwombea kwa rozari. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa lote, ulipendekeza mfungo wa Ijumaa Kuu uendelezwe, inapowezekana, hadi Jumamosi Kuu. Familia yenye jina la mkatekumeni itajua kwa nini.